Je, Mti Hupitisha Joto na Umeme?

Mama anaposonga ugali, sufuria huwa juu ya moto, na mwiko huzama katika unga unaotokota kwa muda wa robo saa au zaidi. Mkono wake hauungui. Lakini akitaka kuipua sufuria ile, hana budi kutafuta kitambaa, maana akishika mdomo wake kwa mkono mtupu ataiachia mara moja. Mwiko na sufuria vimekaa katika ugali mmoja, kwa muda mmoja; kimoja hushikika na kingine huchoma.

Kwa kuona mambo kama haya kila siku, watu wamejua tangu zamani kwamba mti haupitishi joto upesi. Ndiyo sababu pasi ya makaa huwekewa mshikio wa mti, na mhunzi hutia mti mwisho wa patasi yake. Kisha umeme, ambao wengi huuita stima, ulipofika mijini na baadaye mashambani, maarifa hayo ya jikoni yakachukuliwa na kutiwa katika jambo hili jipya. Watu wakasema: kama mti hauchomi mkono, basi hauna stima pia, na zaidi ya hayo, nguzo zenyewe za stima si miti?

Neno hilo lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote, na ile sehemu inayopungua ndiyo iuayo watu. Yuko mtu akatae moto kwa mwiko na asidhurike maisha yake yote. Lakini mtu yule yule akiinua fimbo mbichi kuondoa tawi lililoangukia waya, huenda asipate nafasi ya kujifunza kosa lake. Kwa hiyo yafaa jambo hili lichunguzwe vizuri, kwanza kwa upande wa joto, kisha kwa upande wa umeme.

JOTO HUPITA POLEPOLE

Kila kitu duniani hupitisha joto kwa kadiri yake. Tofauti ni upesi wa kulipitisha. Wataalamu wamelipima jambo hili, na vipimo vyao vyaonyesha kwamba chuma hupitisha joto mamia ya mara kupita ubao mkavu. Alumini, ambayo ndiyo madini ya sufuria nyingi, zaidi ya mara 1,000. Na shaba nyekundu zaidi ya mara 2,000. Basi si kwamba joto halipandi kabisa katika mwiko. Hupanda, ila kwa mwendo wa kinyonga, hata ugali huwa umekwisha kuiva na kupakuliwa kabla joto halijafika penye vidole.

Sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba ndani ya madini mna chembe ndogo mno, ziitwazo elektroni, ambazo hazikufungwa mahali pamoja. Hizo huenda huku na huku zikichukua joto, kama wachukuzi bandarini wanavyopokea mizigo na kuipeleka mbali. Katika mti hakuna wachukuzi hao. Kila chembe imeshikwa mahali pake, nayo hupashana joto na jirani yake tu, hatua kwa hatua.

Sababu ya pili ni hewa. Mtu akikata kipande cha mti kwa kisu kikali na kukitazama kwa kioo cha kukuzia, ataona vijitundu vingi vimepangana kama sega la nyuki. Mti ulipokuwa hai, vijitundu hivyo vilikuwa na maji. Ulipokauka vikajaa hewa. Na hewa iliyofungwa mahali isiweze kuzunguka ni kizuizi kikubwa cha joto. Blanketi humpa mtu joto kwa sababu iyo hiyo. Kwa hiyo mti mwepesi, wenye vijitundu vingi, huzuia joto kuliko mti mzito; na katika mti wo wote joto hufuata urefu wa nyuzi zake kwa upesi unaokaribia mara mbili ya ule wa kukata nyuzi hizo.

Jambo hili laweza kujulikana hata bila ya moto. Asubuhi ya baridi katika mwezi wa Julai, katika sehemu kama Limuru au Kinangop, msafiri anayengoja gari akikaa juu ya benchi la chuma hushtuka. Akihamia benchi la mbao lililo chini ya paa lile lile huona afadhali. Atasema kwamba chuma ni baridi kuliko mbao. Lakini akiweka kipimo cha joto juu ya mabenchi yote mawili, ataona kwamba yamelingana au yanakaribia kulingana, maana yamelala katika baridi moja usiku kucha. Tofauti imo katika mwili wake mwenyewe. Chuma hulinyang'anya joto lake na kulipeleka mbali upesi; ubao hulipokea pale pale alipokaa na kushindwa kulisafirisha.

Zamani biashara kubwa iliwahi kujengwa juu ya tabia hii ya mti. Mwezi wa Mei 1833 merikebu iliyoitwa Tuscany iliondoka Boston, Marekani, ikiwa na tani zipatazo 180 za barafu iliyokatwa katika maziwa wakati wa baridi kali. Mwenye biashara hiyo alikuwa Frederic Tudor. Merikebu ilikwenda mpaka Calcutta, India, safari ya miezi minne, ikavuka ikweta mara mbili katika jua kali la baharini. Ilipotia nanga mwezi wa Septemba, tani zipatazo 100 zilikuwa bado barafu. Hapakuwa na mashine yo yote ya kutia baridi. Katika biashara hiyo barafu ililindwa kwa kuta za mbao na kwa vitu vikavu kama maganda ya miti na unga wa mbao.

KUUNGUA SI KUPITISHA

Huenda mtu akauliza: kama mti huzuia joto, mbona huungua? Jibu lake limo katika njiti ya kiberiti. Ncha moja yawaka, na ncha ya pili, iliyo sentimita chache tu kutoka hapo, imeshikwa kwa vidole bila ya taabu. Kuungua ni kuliwa na moto. Kupitisha ni kuchukua joto kutoka mahali pengine na kulifikisha mahali pengine. Mti hufanya lile la kwanza kwa urahisi, na la pili kwa shida.

Wajenzi hulijua jambo hili. Boriti nene ikishika moto hufanya gamba la mkaa kwa nje, na gamba hilo huzuia joto lisiingie ndani kwa haraka. Kwa kawaida moto hula boriti ya namna hiyo chini ya milimita 1 kwa kila dakika. Nguzo ya chuma isiyofunikwa haiungui, lakini hupata joto mwili mzima. Na joto lake likifika digrii 600 hivi, huwa imepoteza nusu ya nguvu zake au zaidi, nayo huweza kupindika pamoja na paa ililolichukua. Mara nyingi baada ya moto mkubwa boriti nene za mti huonekana zimesimama nyeusi, na vyuma vimejikunja chini yake.

JARIBIO LA MWAKA 1729

Sasa kuhusu umeme. Kwa kuwa elektroni zichukuazo joto ndani ya madini ndizo hizo hizo zichukuazo umeme, ni haki mtu kudhani kwamba kitu kisichopitisha joto vizuri hakitapitisha umeme vizuri pia. Kwa mti uliokauka kabisa, dhana hiyo ni kweli. Lakini historia yaonyesha jambo la ajabu: katika majaribio ya kwanza kabisa ya kupitisha umeme, mti ulionekana kuupitisha.

Mwaka 1729, huko Uingereza, alikuwako mtu jina lake Stephen Gray, ambaye zamani kazi yake ilikuwa kutia nguo rangi. Alikuwa akisugua bomba la kioo, maana kioo kikisuguliwa hupata umeme kidogo na kuvuta manyoya mepesi. Alikuwa ameliziba bomba kwa kizibo ili vumbi lisiingie ndani, naye akastaajabu kuona manyoya yanavutwa na kizibo, ambacho hakukisugua. Akachomeka kijiti cha msonobari katika kizibo kile, na mwisho wa kijiti akatia tufe la pembe ya ndovu. Tufe nalo likavuta manyoya. Umeme ulikuwa umepita katika kijiti cha mti.

Gray na rafiki yake, Granville Wheler, wakaendelea. Walitandaza kamba nyembamba ya katani wakiitundika kwa nyuzi za hariri. Nyuzi hizo zilipokatika kwa uzito wa kamba, wakatumia waya wa shaba mahali pake. Umeme wote ukatoroka kwa njia ya waya. Waliporudi kwenye hariri, umeme ukapita katika kamba hata futi 765. Hapo ndipo watu walipojua kwamba viko vitu vinavyopitisha umeme na viko vinavyouzuia. Na katika majaribio hayo ya mwanzo, kijiti cha mti na kamba ya katani vilikuwa upande wa vile vinavyopitisha.

Je, Gray alidanganyika? Hasha. Kijiti chake hakikuwa kikavu kabisa, na umeme wa kioo kilichosuguliwa, ijapokuwa ni kidogo sana, una msukumo wa maelfu ya volti. Maji na msukumo: hayo ndiyo mambo mawili ambayo kila mtu anayetaka kujua kama mti utapitisha umeme ni sharti ayaulizie kwanza.

MAJI NDIYO MLANGO

Ubao uliokaushwa katika tanuri hata maji yote yakatoka ni kizuizi kikubwa sana cha umeme. Lakini ubao uo huo ukinyonya maji hata kufikia sehemu kama 30 kwa 100 za uzito wake mkavu, uwezo wake wa kupitisha umeme huongezeka mara milioni 10,000, na hata zaidi. Ni vigumu kuona kitu kingine cha kila siku kinachobadilika tabia kwa kadiri hiyo kwa kunyweshwa maji tu.

Wachukuzi wa umeme katika mti wenye maji si elektroni zile za madini. Mizizi hufyonza kutoka ardhini maji yenye chumvichumvi nyingi za udongo, na chumvi hizo zikiyeyuka hugawanyika kuwa chembe ambazo kila moja ina umeme wake. Maji yakiwapo, chembe hizo hutembea. Maji yakikauka, hukwama mahali pake. Mlango ni maji. Mti wenyewe ni ukuta tu.

Maseremala wa siku hizi hutumia jambo hili katika kazi yao. Wana kipimo kidogo chenye ncha mbili kama misumari. Ncha hizo huchomwa katika ubao, umeme wa betri hupitishwa kutoka ncha moja hata ya pili, na kipimo huonyesha ubao una maji kiasi gani. Ubao mbichi hupitisha umeme mwingi, ubao mkavu hupitisha kidogo mno. Kama mti usingepitisha umeme kamwe, kipimo hicho kisingekuwa na kazi.

Tena ijulikane kwamba macho hayatoshi kupima ukavu. Hata ubao uliokaa ndani ya nyumba kwa miaka huwa na maji yapatayo sehemu 10 mpaka 15 kwa 100, maana hunyonya unyevu wa hewa. Fimbo iliyokatwa leo huweza kuwa na maji yanayokaribia uzito wa mti wake mkavu, au kuupita. Na fimbo kavu iliyonyeshewa hubeba maji juu ya ngozi yake, ambayo ni njia tosha ya umeme.

MSUKUMO WA UMEME

Jambo la pili ni msukumo, ambao hupimwa kwa volti. Nyumbani Kenya umeme huja kwa volti 240. Lakini zile waya zinazopita juu ya mashamba kupeleka umeme mbali, aghalabu huwa na volti 11,000 au 33,000. Kizuizi kinachotosha kwa msukumo mdogo huweza kushindwa na msukumo mkubwa, kama vile boma linalozuia mbuzi lisivyomzuia ndovu. Kwa hiyo mtu aliyewahi kugusa waya wa nyumbani kwa kipande cha ubao na asidhurike, asije akachukua habari hiyo na kwenda nayo chini ya waya za njiani.

Wala hauhitajiki umeme mwingi kumwua mtu. Sehemu 30 za elfu za ampea moja zikipita kifuani zaweza kuhatarisha maisha. Taa ya kawaida ya wati 40 hutumia zaidi ya mara tano ya kiasi hicho. Basi mti hauna haja ya kuwa mpitishaji mwema kama waya. Ukipitisha kidogo tu, yatosha.

NGUZO NA VIKOMBE VYAKE

Lakini nguzo je? Katika mwaka 1908 Mombasa na Nairobi zilikuwa na makampuni ya umeme, ambayo mwaka 1922 yaliunganishwa yakawa East African Power and Lighting. Tangu siku hizo mpaka leo, ijapokuwa nguzo za saruji nazo zimeanza kutumiwa, waya nyingi zimechukuliwa juu ya nguzo za miti. Nyingi ni za mikaratusi, mti ulioletwa Kenya yapata mwaka 1902 ili upatikane kuni za kuendeshea magari ya reli. Nguzo hukaushwa, kisha hutiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza.

Anayesema kwamba nguzo ni ushahidi kuwa mti hauna stima, na ainue macho atazame juu. Waya hazikupigiliwa misumari katika mti. Zimelazwa juu ya vikombe vya kaure au vya kioo, au vitu vya namna hiyo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kama mti peke yake ungetosha kuzuia umeme, makampuni yasingepoteza fedha kununua vikombe hivyo kwa maelfu. Wahandisi wameweka kaure izuie umeme, na nguzo iinue waya juu ya vichwa vya watu. Ukavu wa mti ni msaada wa ziada, ambao mvua ikinyesha hupungua.

Hata kwa vikombe hivyo, nguzo huweza kuungua. Baada ya kiangazi kirefu vumbi hujaa juu ya vikombe. Manyunyu ya kwanza yakinyesha, vumbi hugeuka tope, na umeme kidogo huanza kupita juu ya tope hilo na kuingia katika mti. Pale unapopita mti hupata joto, na mwisho huanza kuwa mkaa. Hapo hatari huzidi, kwa sababu mkaa uliochomwa kwa moto mkali sana hupitisha umeme. Thomas Edison alilitumia jambo hili kwa faida mwaka 1880, alipochoma nyuzi za mwanzi mahali pasipo hewa hata zikawa mkaa, akazitia ndani ya taa zake za umeme. Baadhi ya nyuzi hizo zilidumu zaidi ya saa 1,000. Lakini kitu kilicho cha faida ndani ya taa ni cha hasara juu ya nguzo.

Ushahidi mwingine uko katika ua wa umeme uliozunguka msitu wa Aberdare. Ua huo, wenye urefu upatao kilomita 400, ulimalizika mwaka 2009, nao husaidia kuzuia ndovu na wanyama wengine wasiingie mashambani. Waya zake zimetengwa na nguzo kwa vizuizi maalum, na walinzi wake hufyeka majani na vichaka kila mara. Kazi hiyo si kwa ajili ya uzuri. Majani mabichi yakigusa waya huuchukua umeme na kuuingiza ardhini, na ua hupoteza nguvu zake. Mmea ulio hai ni njia ya umeme.

MKULIMA AFANYE NINI

Kwanza, mti mrefu usipandwe chini ya waya za umeme, wala usikatwe na mwenye shamba ikiwa matawi yake yamefika karibu na waya hizo. Tawi bichi likigusa waya wa volti 11,000, umeme huteremka katika utomvu hata ardhini, na mtu aliyeupanda mti ule, au aliyeushika, huwa katika njia yake. Kazi hiyo ni ya watu wa kampuni ya umeme, ambao kwanza hukata umeme ndipo wapande. Kadhalika mtu anayechuma parachichi au maembe kwa mti mrefu au kwa mwanzi, na atazame kilicho juu yake kabla hajauinua.

Pili, waya ukianguka, mtu asiusogelee wala asijaribu kuuondoa kwa fimbo, hata ikiwa waya umetulia na hautoi cheche. Watu na mifugo wakae mbali, mita 10 au zaidi, na habari ipelekwe kwa kampuni ya umeme. Ardhi yenyewe iliyo karibu na waya huwa na umeme, unaopungua kadiri ya kwenda mbali. Kwa hiyo mguu mmoja ukiwa karibu na mwingine mbali, umeme hupanda mguu huu na kushuka kwa ule. Aliyejikuta karibu aondoke kwa kuburura miguu iliyobanana, bila ya kupiga hatua ndefu. Ng'ombe hudhurika upesi kwa sababu hiyo hiyo, maana miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali, na kifua kiko katikati.

Tatu, mtu akishikwa na umeme ndani ya nyumba, jambo la kwanza ni kuzima swichi kubwa. Ikiwa haiwezekani, na ni umeme wa volti 240 tu, msaidizi huweza kusimama juu ya ubao mkavu na kumsukuma kwa fimbo ya mti iliyo kavu kabisa, kama mpini wa ufagio uliokaa ndani. Hapa mti mkavu huokoa maisha. Lakini msaada huu si wa nje katika mvua, wala si wa waya za njiani.

Nne, wakati wa radi mtu asijikinge chini ya mti. Sehemu zilizo karibu na Ziwa Viktoria, kama Kisii na Kakamega, hupata radi nyingi. Radi ipigapo mti hufuata maji yake. Maji hugeuka mvuke kwa ghafula, na maganda hurushwa vipande vipande. Mwili wa binadamu ni njia nyepesi kuliko shina la mti, kwa hiyo mara nyingi umeme huruka kutoka shina na kumwingia aliyejikinga hapo. Nyumba imara, au gari lenye bati juu na milango iliyofungwa, ni mahali pa salama zaidi.

Basi jibu la swali ni hili. Mti mkavu hupitisha joto polepole na umeme kidogo mno, na kwa hiyo ni mshikio mwema wa sufuria na wa pasi. Lakini kinachozuia umeme ni ukavu wake, na ukavu huondoka kwa mvua ya dakika tano. Mwiko uliokaushwa na moshi wa jikoni kwa miaka mitatu, na tawi lililokatwa asubuhi hii penye umande, huitwa kwa jina moja, mti. Umeme haujui jina hilo. Hutafuta maji tu.